Hewa Nayo Hulipiwa Nauli

Katoni ya raba jozi 12 ikipandishwa mizani kwenye ghala la wakala mjini Guangzhou inasoma kilo 13. Ankara ya ndege inayomfikia mwenye mzigo Kariakoo imeandikwa kilo 25. Simu inapigwa kwa hasira, mwenye mzigo anaamini kapigwa kilo 12 mchana kweupe, na wakala anamjibu kwa mkato kwamba ndege ndivyo inavyohesabu. Wakala yuko sahihi, ingawa adabu ya kazi ilimtaka aeleze mapema.

Chukua utepe wa kupimia. Katoni ile ina urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 50. Zidisha: sentimita za ujazo 150,000. Gawa kwa 6,000, unapata 25. Huo ndio uzito wa ujazo, na mashirika ya ndege hutoza uzito ule ulio mkubwa kati ya wa mizani na wa ujazo. Kampuni za vifurushi vya haraka ni kali zaidi, nyingi hugawa kwa 5,000, na katoni ileile kwao inakuwa kilo 30. Sababu haina siri: tumbo la ndege likipakiwa raba zilizo ndani ya maboksi hujaa kabla ndege haijafikia uzito inaoweza kubeba. Nafasi imekwisha, nguvu ya injini imebaki bure, na lazima mtu ailipie. Anailipia mwenye raba.

Meli ina hesabu yake. Anayechangia kontena na wengine hutozwa kwa mita ya ujazo, ile ambayo Kariakoo yote inaiita CBM, na kanuni ya kawaida ya bahari husema CBM moja ni sawa na tani moja. Kikubwa ndicho hulipiwa. Ndege, kwa kugawa kwa 6,000, inaihesabu CBM hiyohiyo kuwa kilo 167. Ukizishika namba hizi mbili, tani moja na kilo 167, umeshika sehemu kubwa ya uamuzi. Mzigo mwepesi wenye madoido ya vifungashio huumia vibaya angani. Mzigo mdogo mzito, kama vioo vya simu, bearing au vipuri vya cherehani, angani haulipii hewa hata chembe.

Ndiyo maana napata shida na lile jibu la kijiweni kwamba meli ni ya mzigo mkubwa na ndege ni ya mzigo mdogo. Ukubwa wa oda hausemi mengi. Kinachosema ni thamani ya kitu kwa kila kilo na kila CBM, na siku ambazo fedha yako italala.

Tupige hesabu kwa bei za mfano, maana bei halisi hubadilika kila msimu na kila wakala ana yake. Tuseme ndege ni dola 11 kwa kilo na meli ni dola 450 kwa CBM, bei zote zikiwa za kufikisha mzigo Dar es Salaam pamoja na kuutoa, kama mawakala wengi wa njia ya China wanavyouza. Katoni ya raba kwa ndege: kilo 25 mara 11, dola 275. Gawa kwa jozi 12, ni karibu dola 23 kwa jozi. Kwa meli: CBM 0.15 mara 450, dola 67.50, yaani dola 5.60 na ushee kwa jozi. Kama raba zenyewe zimenunuliwa dola 6, safari ya ndege ni kuzika mtaji.

Hata hiyo dola 5.60 ya meli ni kubwa mno kwa kiatu cha dola 6. Wauza viatu wazoefu huwaagiza watu wa ghala watoe raba kwenye maboksi, wazipange kisigino kwa ncha ndani ya mfuko, na maboksi yakunjwe bapa yasafiri kama karatasi. Tuseme jozi zilezile 12 sasa zinakaa kwenye furushi la sentimita 60 kwa 40 kwa 35. Ujazo umeshuka hadi CBM 0.084. Nauli ya meli inakuwa dola 37.80, na kila jozi imeokoa karibu dola mbili na nusu bila kubadilisha chombo cha usafiri. Kabla ya kubishana na wakala juu ya bei ya CBM, nenda kabishane na vifungashio. Punguzo la dola 20 kwa CBM, ambalo watu hulipigania kwa wiki nzima, kwenye katoni ya kwanza lilikuwa na thamani ya dola 3.

Sasa geuza mzigo. Katoni ya vioo vya simu 200, sentimita 40 kwa 30 kwa 30, mizani inasoma kilo 12. Uzito wa ujazo ni kilo 6 tu, kwa hiyo unalipia kilo 12 za mizani: dola 132, au senti 66 za dola kwa kioo. Kwa meli ni CBM 0.036, kama dola 16, au senti 8 kwa kioo. Meli ni nafuu mara nane! Anayeishia hapo atapeleka vioo baharini na kujipongeza.

Lakini vioo hivyo, kwa bei ya mfano ya dola 8 kimoja, vina dola 1,600 ndani yake. Tuseme tangu mzigo uingie ghala la Guangzhou hadi ufike dukani ni siku 10 kwa ndege na siku 50 kwa meli. Kama mtaji ni wa mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi, zile siku 40 za ziada zimekula dola 64 za riba. Zaidi ya nusu ya tofauti ya nauli, ambayo ni kama dola 116, tayari imeliwa na benki au kikoba.

Kisha kuna mzunguko. Vioo vikiuzwa kwa siku 20, mtaji uliopita kwenye ndege unarudi mkononi baada ya siku 30, mara 12 kwa mwaka. Uliopita baharini unarudi baada ya siku 70, mara 5. Tuseme faida kwa njia ya meli ni dola 2 kwa kioo, dola 400 kwa katoni: mara 5 ni dola 2,000. Kwa ndege toa ile tofauti ya nauli, zinabaki dola 284: mara 12 ni zaidi ya dola 3,400. Mtaji ni uleule wa dola 1,600.

Hesabu hii ina mtego ambao wauza kozi za biashara ya China huuruka. Mizunguko 12 ina maana ya vioo 2,400 kwa mwaka, na soko lako lazima liwe na mafundi wa kuvinunua vyote. Kama duka lako linauza vioo 1,000 tu, kasi ya ndege haikuongezei kitu, unalipia haraka usiyokuwa nayo. Pia mwenye mtaji mnene anaweza kuagiza kontena la pili wakati la kwanza bado liko kwenye mlango-bahari wa Malacca, na duka lake lisikauke kamwe. Ndege, kwa hiyo, mara nyingi ni chombo cha mwenye mtaji mdogo na bidhaa inayokwenda haraka, na hili ni kinyume kabisa na dhana kwamba ndege ni ya matajiri.

Kuna mizigo ambayo mwenyewe hachagui. Pawabanki ni mfano mzuri. Kwa kanuni za usafiri wa anga huhesabiwa kuwa betri za lithiamu zinazosafiri peke yazo, na tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za namna hiyo zimepigwa marufuku kusafirishwa kama mizigo kwenye ndege za abiria. Kwenye ndege za mizigo tu zinaruhusiwa, kwa masharti, likiwamo la chaji kutozidi asilimia 30. Betri iliyo ndani ya simu ina kanuni nyingine, nyepesi zaidi. Marufuku hii ina historia. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliwaka moto muda mfupi baada ya kuruka Dubai ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu, na marubani wote wawili wakafa. Ukisikia wakala anakuambia "andika tu vifaa vya simu, zitapita", jua anachokuomba.

Kwa upande mwingine, serikali nayo inaweza kukuchagulia njia. Katika miaka ya karibuni Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya, AFA, imekuwa ikisimamisha mwishoni mwa mwaka usafirishaji wa maparachichi kwa bahari, kwa kuwa mengi mtini yanakuwa hayajakomaa, huku ya ndege yakiruhusiwa baada ya ukaguzi. Tunda lisilokomaa likikaa wiki kadhaa kwenye kontena la baridi huharibu jina la nchi nzima sokoni Ulaya. Aliyepanga oda yake yote juu ya nauli ya meli hujikuta anahesabu kilo za ndege, au anasubiri.

Turudi China, kwenye kontena lenyewe. Kontena la futi 20 kwa vipimo vya ndani lina CBM kama 33, lakini katoni hazipangiki kama matofali yaliyochongwa, kwa hiyo hesabu 26 hadi 28. La futi 40 refu kwenda juu lina kama 76, na kwa kawaida huingia 65 hadi 68. Kanuni ya wazoefu ni kwamba ukifika CBM 13 hadi 15 anza kuuliza bei ya futi 20 nzima, hata kama hutalijaza. Huenda nusu tupu ikawa nafuu kuliko kuchangia. Vigae ni mfano wa kinyume: CBM moja inakaribia tani mbili, na kontena la futi 20 humaliza uzito wake likiwa limejaa nusu tu. Nimesikia watu wakilalamika kwamba muuzaji kawapakilia kontena nusu. Wa vigae hana kosa.

Kuchangia kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye ankara. Mzigo wako unasubiri kontena lijae, unasubiri karatasi za wenzako zikamilike, na mmoja wenu akiwa kaficha bidhaa zenye matatizo, kontena zima linakaguliwa na ninyi nyote mnasubiri naye. Kontena lako peke yako halina kusubiri huko, ila sasa kila kitu ni juu yako: hati ya shehena, tathmini ya forodha, dhamana ya kontena, tozo za bandari, na ile saa inayoanza kuhesabu siku za bure zikiisha. Mwenye kontena aliyekuja Dar es Salaam bila fedha ya ushuru mkononi hununua mzigo wake mara ya pili kwa storeji.

Hapa ndipo ile bei tamu ya "CBM moja, kila kitu ndani" inapotaka kutazamwa. Inakupunguzia usumbufu, ni kweli. Lakini mzigo mara nyingi unakuwa umetolewa kwa jina la mwingine, na ofisa wa kodi akija stoo akiuliza nyaraka za kuingizia bidhaa, unachomwonyesha ni risiti ya wakala. Aliyesajiliwa VAT hawezi kudai kodi aliyolipiwa kwa jina lisilo lake. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka, malalamiko makubwa yalikuwa kamatakamata ya maofisa wa kodi na usajili wa stoo, na nyaraka za mzigo hazikuwa mbali na ugomvi huo. Bei ya wakala ikiwa chini ya wenzake kwa kiasi cha kushangaza, uliza nani kaandikwa kuwa mwingizaji.

Anayetoa mzigo kwa jina lake ana jambo moja la kisheria ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Nne, inasema thamani ya kutozea ushuru ijumuishe gharama ya usafiri hadi bandari ya kuingilia. Kisha inaweka kando: kwa mizigo inayoingia kwa ndege, nauli haiongezwi kwenye bei. Soma tena hapo. Nauli ya meli inatozwa ushuru. Nauli ya ndege haitozwi.

Tuiweke kwenye namba. Bidhaa za dola 10,000, ushuru wa forodha asilimia 25, nauli ya meli dola 600, ya ndege dola 3,000. Kwa meli, ile nauli ya 600 inazaa ushuru wa dola 150. Kwa ndege, nauli haizai ushuru huo hata senti. Pengo halisi, kwa hesabu ya ushuru wa forodha peke yake, ni dola 2,250, si 2,400. VAT ina sheria yake na usiichanganye humu. Lakini mtu wa kutoa mizigo akijaza nauli ya ndege kwenye thamani ya forodha kwa mazoea, umelipa dola 750 ambazo sheria haikukudai. Kabla ya kulipa, fungua fomu ya tathmini, tafuta mstari wa nauli, na uuulize.

Bima. Wengi hawakati, kwa hoja kwamba meli hazizami siku hizi. Meli haihitaji kuzama. Machi 2018 meli ya makontena Maersk Honam iliwaka moto katika Bahari ya Arabu na mabaharia watano wakafa. Kwa sheria ya kale ya bahari, gharama za kuokoa meli na shehena hugawanywa kwa wote wenye mali ndani yake, na katika ajali hiyo wenye makontena yaliyonusurika walitakiwa waweke dhamana iliyofika asilimia 54 ya thamani ya mizigo yao kabla ya kukabidhiwa. Mwenye bima aliiachia kampuni yake ishughulike. Asiyekuwa nayo alitakiwa kutoa zaidi ya nusu ya bei ya mali yake mwenyewe, mali ambayo haikuungua.

Bei nazo hazikai. Kabla ya korona, karibu nusu ya mizigo ya anga duniani ilisafiri chini ya miguu ya abiria, kwenye ndege za kawaida. Mwaka 2020 abiria walipofungiwa ndani, sehemu kubwa ya nusu hiyo ikatoweka na bei ya kilo ikapaa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya bahari: kipimo cha Drewry cha nauli za makontena kilivuka dola 10,000 kwa futi 40 mwezi Septemba 2021, wakati wastani wa 2019 ulikuwa kama dola 1,420. Kipimo hicho hakina njia hata moja ya Afrika, lakini makontena ni yaleyale. Mambo yakajirudia kwa sura nyingine baada ya Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu. Meli ya kutoka Nansha, bandari ya Guangzhou, kuja Dar es Salaam haipiti huko, inavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja au kwa kupokezana Singapore, Port Klang au Colombo. Hata hivyo bei zilipanda, kwa kuwa meli za Ulaya zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema zilitumia wiki moja hadi mbili zaidi kwa kila safari, na meli zikapungua kwa kila mtu. Kwa upande wa anga, Air Tanzania ilipokea Boeing 767-300F ya mizigo Juni 2023, na kwa njia hizi chombo kimoja cha uhakika kinaweza kutuliza bei kuliko matangazo kumi ya mawakala.

Swali la mwisho ni la kalenda, na hili ndilo linaloharibu mipango mizuri kuliko yote. Mfanyabiashara wa nguo za Idi anahesabu nyuma kutoka sikukuu, na hapo anakosea mara mbili. Kwanza, mteja wake wa jumla wa Mwanza au Mbeya hanunui wiki ya Idi, ananunua Ramadhani inapoingia au kabla yake. Pili, mwaka 2026 Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia tarehe 17 Februari, na Ramadhani inaanza siku moja au mbili baadaye. Viwanda vya China hufunga kwa wiki kadhaa, vingine wafanyakazi huanza kuondoka mapema, na wiki za kabla ya kufunga kila mtu duniani anapigania nafasi kwenye meli zilezile. Ukitoa siku 50 za meli kutoka tarehe 18 Februari, mzigo unapaswa kuwa umeingia ghala la Guangzhou kabla ya Desemba kwisha, na oda ya kiwandani iwe imetolewa Novemba.

Kwa oda ya namna hiyo, mgawanyo wenye akili ni huu: madera na kanzu za rangi zinazouzika kila mwaka, ambazo ndizo nyingi, zipande meli Desemba. Mitindo mipya ichukuliwe vipande vichache kwa ndege mwanzoni mwa Januari, vionjeshwe dukani, na ule utakaokimbia uongezwe kwa ndege kabla viwanda havijafungwa, ukilipiwa na faida ya kule kuonjesha. Baada ya hapo hakuna kiwanda cha kupigia simu, uwe na fedha ya ndege au usiwe nayo. Mwaka 2027 nafasi ni finyu zaidi: Mwaka Mpya wa Kichina ni tarehe 6 Februari, Ramadhani inatazamiwa kuanza siku mbili baada yake, kwa hiyo mzigo wa meli uwe ghalani si zaidi ya tarehe 20 Desemba.